Kuota Huku Unajua Unaota: Yanayosemwa Mtaani na Yaliyo Kweli

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo umelala fofofo, lakini ndani yake unajua kabisa kwamba unaota. Ukiitaja hapa Dodoma, wengine watakwambia hayo ni mambo ya majini, na wengine watasema ni stori za mitandaoni tu. Inasikitisha, kwa sababu ni ujuzi unaofundishika, na wengi wanaoishia njiani wamekwamishwa na maelezo mabovu.

"Hakuna aliyewahi kuthibitisha."
Ilithibitishwa mwaka 1975. Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alimfunga Alan Worsley, mtu aliyezoea ndoto hizi, vipimo vya ubongo na vya mwendo wa macho. Katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegea karibu yote, ila macho huendelea kucheza chini ya kope. Kwa hiyo walikubaliana mapema: Worsley akijitambua ndotoni, apeleke macho kushoto na kulia mara kadhaa kwa mpangilio. Mashine ilichora ishara hiyo huku vipimo vingine vikionyesha kuwa amelala. Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, alifikia jambo hilohilo miaka michache baadaye kwa njia yake. Mwaka 2021 watafiti wa nchi nne waliripoti kwamba waliwauliza watu walio ndotoni hesabu ndogo, mfano 8 kutoa 6, na baadhi yao wakajibu kwa macho.

"Ukinuia jioni, usiku utaota."
Hapa ndipo wengi wanapopotea. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Katika mizunguko ya mwanzo, usingizi wa ndoto huchukua dakika chache tu; kuelekea alfajiri unaweza kufika nusu saa au zaidi. Kujaribu saa 4 usiku ni kutega mtego mahali mnyama hapiti.

Fanya hivi. Lala saa 4 usiku, tega alamu saa 9:30. Ikilia, usirukie simu: tulia bila kugeuka, ukumbuke ulikuwa unaota nini, kisha andika maneno matatu au manne ya msingi kwenye daftari lililo kando ya kitanda. Amka, nenda chooni, keti dakika 15 hadi 30 kwenye mwanga hafifu. Miezi ya Juni na Julai jifunike vizuri, maana baridi ya Dodoma saa hizo inakausha usingizi. WhatsApp iache kabisa.

Ukirudi kulala, chukua ndoto ile uliyoiandika utafute mahali palipokuwa na jambo lisilo la kawaida. Pengine ulikuwa pale Jamatini, hapa mjini, ukiongea na babu aliyekwishafariki. Irudie kichwani, lakini safari hii jione ukishtuka pale pale na kusema, "Hii ni ndoto." Halafu jiambie kwa kumaanisha: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Rudia mpaka usingizi ukuchukue. Mawazo yakikimbilia ada ya shule au foleni ya kesho, yarudishe taratibu.

Ukizidiwa na usingizi kabla hujamaliza, wakati mwingine kaa macho muda mrefu kidogo. Ukikesha ukihesabu mabati, ulikaa mno. Punguza hadi dakika 5 au 10. Kasi ya kusinzia ina uzito. Katika utafiti wa Denholm Aspy wa Adelaide, Australia, uliotoka mwaka 2017, waliochanganya njia hii na kupima uhalisia (kujikagua mchana kama unaota au uko macho) walifanikiwa katika asilimia 17 ya majaribio. Waliosinzia ndani ya dakika 5 baada ya zoezi walifika asilimia 46.

Anayeamka kwa adhana ya alfajiri, baada ya saa 11, tayari ana alamu ya bure. Ukilala saa 5 usiku, ukaswali na kurudi kitandani siku usiyo na kazi mapema, umeshapata mpangilio wote bila kujikata usingizi zaidi.

Usifanye kila siku. Usiku mmoja au miwili kwa wiki unatosha. Na kama usingizi wako kwa usiku ni wa saa tano tu, acha kwanza zoezi hili, uongeze usingizi: saa unazojinyima ni zilezile za asubuhi zenye ndoto nyingi.

"Hesabu vidole mara nyingi kwa siku, basi."
Kupima uhalisia husaidia, ila si kwa mazoea matupu. Anayetazama vidole huku akili iko kwenye chapati atavitazama hivyohivyo ndotoni na kuona viko sawa. Kipimo kizuri zaidi ni kubana pua na kujaribu kuvuta hewa kupitia hiyohiyo pua. Ndotoni mara nyingi hewa hupita. Kingine: soma namba ya bajaji, angalia pembeni, isome tena; maandishi ya ndotoni hupenda kubadilika. Fanya kila umeme unapokatika au unapopanda daladala, na jiulize kwa dhati umefikaje hapo.

"Ukijitambua unatawala kila kitu."
Hapana. Kujua na kutawala ni vitu viwili. Wanaoanza huamka ndani ya sekunde chache kwa msisimko. Tulia, sugua viganja vyako vya ndotoni, gusa ukuta, chunguza kitu kilicho karibu. Kuruka angani kusubiri.

"Mvinyo au bangi huleta ndoto kali."
Pombe hubana usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku na kuukatakata usingizi baadaye. Bangi nayo hupunguza usingizi huo. Mtumiaji akiacha, ndoto hurudi kwa fujo kwa muda, ndiyo maana watu hudhani ilikuwa inawasaidia.

"Jinamizi ni mtu amekukalia, na unaweza kunasa humo."
Ni ule ulegevu wa misuli ambao haujaisha wakati akili imeshaamka. Huwapata zaidi waliochoka, wenye ratiba mbovu ya kulala na wanaolala chali. Kuamka katikati ya usiku kunaweza kuuleta, kwa hiyo lala ubavu. Ukikupata, usipambane na mwili mzima: pumua polepole, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Huisha ndani ya sekunde au dakika chache. Hakuna kunasa; usingizi huisha kama kawaida.

Wapo wanaopaswa kuliacha zoezi hili: aliyewahi kuona au kusikia visivyokuwepo akiwa macho, na yeyote anayeanza kuchanganya yaliyotokea ndotoni na ya mchana. Huyo aonane na daktari wa afya ya akili. Kwa mkazi wa Dodoma, Hospitali ya Mirembe ipo hapahapa mjini.