Ini lenye mafuta: usisubiri macho yawe ya njano

Nafanya kazi kliniki hapa Dar es Salaam. Maswali haya naulizwa kila wiki, mengine mtu akiwa keshashika kitasa cha mlango anaondoka.

Ini lenye mafuta ni nini?
Ni ini lililojaza mafuta kupita kawaida. Yakikaa miaka, ini laweza kuvimba, kuota makovu na kusinyaa. Wengine huishia kwenye saratani. Na si ugonjwa wa walevi tu. Wengi ninaowapima hawajui hata ladha ya bia. Wana kitambi, au kisukari, au vyote.

Mimi nimekulia njaa. Mafuta yametoka wapi?
Swali zuri kuliko yote. Mtoto akikosa chakula tumboni mwa mama au miaka ya mwanzo, mwili wake huzoea kubana matumizi: misuli michache, na kila kinachozidi kinawekwa akiba. Halafu anakua, anahamia mjini, anashinda ameketi dukani, jioni chipsi zege na soda. Ile akiba inakwenda tumboni na kwenye ini. Watafiti China wameliona hili kwa watu walioonja njaa kuu ya 1959 hadi 1961 wakiwa wadogo: ini lenye mafuta limewaandama zaidi, hasa walionenepa ukubwani.

Kwetu, aliyezaliwa wakati wa ukame wa 1973 hadi 1975 leo ana miaka hamsini na kitu. Ndio hao ninaowaona, tumbo mbele, wakiniambia kitambi ni baraka baada ya dhiki. Dhiki ya utotoni huwezi kuifuta. Kitambi unaweza kukipunguza.

Lakini siumwi popote.
Ini halipigi kelele mapema. Linaonekana kwa ultrasaundi na vipimo vya damu, wakati wewe bado unapanda ngazi vizuri tu.

Nikianza na dawa ya kusafisha ini, ikishindikana ndipo nije?
Hapana.

Mama mmoja alinitolea mkobani chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kitu cheusi kama kahawa ya jana, imebaki robo. Alikuwa ameinywa miezi miwili, asubuhi na jioni. Macho yake yalishafika rangi ya kiini cha yai, na miguu imevimba hadi viatu amevishika mkononi. Miezi miwili!

Hata ikiwa ya mizizi tupu, haina kemikali?
Hata hiyo, hapana. Unachomeza kinapitia kwenye ini, na ipo mizizi inayoliumiza ini zima, sembuse lililochoka. Hakuna chupa inayosafisha ini. Nitarudia kesho kwa mwingine.

Tiba ni nini basi?
Uzito. Mwenye kilo 90 akipunguza 4 au 5, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifika 9, hata uvimbe na makovu huweza kupungua. Taratibu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, si kwa kujinyima siku tatu. Anza na soda: chupa moja ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Chapati ziwe moja, si tatu. Shuka daladala kituo kimoja kabla, utembee. Pombe acha. Pima pia homa ya ini aina ya B. Ukiwa nayo pamoja na mafuta, ini linabeba mizigo miwili.

Lini nisingoje hata kidogo?
Macho ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa. Hospitali, usiku huohuo. Si Jumatatu, si baada ya kumaliza dozi ya yule mzee aliyekuuzia dawa ya mizizi.

Nikifika nimwambie nini daktari?
Kila ulichokunywa, bila aibu. Hatukugombezi, au tutakugombeza kidogo. Ile chupa njoo nayo.