Je, wajua? Mpira Mbeya unakimbia kweli, au ni maneno ya kijiweni?

Simba au Yanga ikibanwa pale Uwanja wa Sokoine, kesho yake vijiwe vya Mwanjelwa na Kabwe vinakuwa na kesi moja tu: hewa. Mmoja atasema wachezaji wa Dar walikata pumzi kuanzia dakika ya 60. Wa pili atamkatisha: pumzi gani, watu wanalipwa mamilioni kwa kazi hiyohiyo ya kukimbia? Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atadai kwamba mpira wenyewe huku unapaa, na kipa asiyeujua uwanja lazima afungwe la mbali.

Wote watatu wana haki kidogo kidogo. Tatizo ni kiasi.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wengi wakisema "huku oksijeni ni kidogo" hudhani hewa imebadilika mchanganyiko. Haijabadilika: oksijeni ni asilimia 21 ya hewa Kigamboni, na ni asilimia 21 kileleni mwa mlima Loleza. Kinachoshuka ni mgandamizo. Dar ni karibu hektopaskali 1,013, Mbeya ni kama 825. Unavuta pumzi ileile, unajaza mapafu yaleyale, lakini oksijeni iliyoingia imepungua kwa karibu moja ya tano. Asiyeamini amwangalie abiria aliyepanda basi Dar na pakiti ya krips asiifungue njiani. Akifika Uyole pakiti imevimba, imekaza mpaka maandishi yamenyooka. Hakuna aliyeiongeza upepo. Hewa ya nje ndiyo imelegea, ya ndani ikapata nafasi ya kutanuka. Chupa tupu ya maji iliyofungwa Mbeya hufanya kinyume chake: ikishuka Kyela, mita 500 tu hivi, inajikunja mbavu.

Tuanze na mpira, maana hapo ndipo watu huongeza chumvi.

Mpira ukiwa angani unapigana na hewa iliyo mbele yake. Hewa nzito inauvuta nyuma, nyepesi inauachia. Kwa siku ya nyuzi 30 Dar na nyuzi 20 Mbeya, hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Ingekuwa 19, ila baridi yetu huibana kidogo hewa na kurudisha uzito kiasi. Sasa chukua shuti la mita 20, kasi ya mita 30 kwa sekunde likitoka mguuni. Ukipiga hesabu, Mbeya linafika golini mapema kwa kama sehemu 15 za elfu moja za sekunde. Ni kufumba na kufumbua? Hata hiyo ni ndefu mno. Lakini kwa kasi ile, mpira unakuwa umetangulia sentimita 30 na ushee, na kipa huokoa kwa ncha za vidole. Ndiyo maana shuti la katikati halibadiliki kitu, ila lile la pembeni linalodakwa Dar kwa kujinyoosha huku linaweza kupita.

Goli-kiki inayotua mita 50 Dar, huku itaenda mita mbili tatu zaidi. Pasi ndefu ya beki inamzidi winga. Krosi inapita kichwani mwa mshambuliaji, yeye anatazama jukwaani kama kuna aliyemsukuma. Na lipo jambo ambalo kijiweni halitajwi kabisa: mpira wa kukata huku unakata kidogo. Faulo inapopinda kuuzunguka ukuta, kinachoipinda ni hewa inayosukumwa na mzunguko wa mpira. Hewa ikipungua, na kona inapungua. Mpigaji aliyezoea mpira upinde mita tatu atapata kama mbili na nusu, na ile nusu mita ndiyo tofauti ya kuingia nyavuni na kugonga mwamba. Kwa hiyo Mbeya humsaidia mpiga mashuti ya nguvu na kumnyima fundi wa faulo. Anayesema "mpira huku unakuwa mwepesi kwa kila mtu" hajamaliza habari.

Sheria za soka zinataka mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450, mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na upepo wa psi (kipimo cha mgandamizo kwenye geji) 8.5 hadi 15.6. Hapo kwenye upepo ndipo timu ndogo hukosea. Mpira uliojazwa psi 11 Dar, ukipanda nao hadi Mbeya bila kuugusa, geji itasoma karibu 13, kwa sababu kilekile cha krips. Bado ni halali, lakini ni mgumu: unadunda juu zaidi na unamruka mtu kifuani. Halafu lawama zote zinaenda kwa nyanda za juu. Dawa ni kuchomeka sindano na kupima mpira ukiwa umekaa nje kwa muda wa saa moja, si ukitoka moja kwa moja kwenye buti la basi lililopigwa jua. Ukipima wa moto kisha ukapoa, utacheza kipindi cha pili na mpira uliolegea. Timu za vijana zinazopanda kutoka Kyela zina shida hiyohiyo, na mara nyingi hata geji hazina.

Sasa pumzi. Mbio ya mita 20 ya kukimbilia mpira haitegemei sana oksijeni ya wakati ule. Misuli inatumia akiba yake. Oksijeni inahitajika baadaye, kuijaza akiba hiyo upya. Ndiyo maana winga mgeni akitua Sokoine anaonekana mkali sana dakika za mwanzo, watu wa hapa wananyamaza, halafu taratibu muda wa kupumzika kati ya mbio moja na nyingine unarefuka. Mtu wa pwani akiwa kwenye mwinuko huu hupoteza kama asilimia 5 hadi 10 ya kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia. Mtazame beki wa pembeni. Dakika ya 20 anapanda na kurudi. Dakika ya 70 anapanda, anarudi akitembea, na goli linatokea upande wake.

Mfano wa wazi kabisa ni Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, mita 2,240. Mambo ya muda mfupi yalinoga: Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90, rekodi iliyosimama mpaka 1991. Mbio ndefu zikawa mateso. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27, huku rekodi ya dunia wakati huo ikiwa dakika 27 na sekunde 39. Ron Clarke, mwenye rekodi hiyo, alimaliza wa sita na kuanguka. Ni michezo hiyohiyo ambamo John Stephen Akhwari wetu alimaliza marathoni wa mwisho akiwa na goti lililofungwa bandeji, wenzake 18 wakiwa wameshaacha njiani.

Lakini Mbeya si Mexico City. Kwa mwinuko wetu, siku tatu hadi tano za kulala huku zinapunguza makali mengi. Mwili huanza kwa kupumua haraka zaidi. Chembechembe nyekundu za damu hazijengeki kwa wiki moja, zinataka wiki tatu na zaidi. Timu inayofika Ijumaa kucheza Jumapili haiwezi kuongeza damu kokote, inachoweza ni kutojiharibia. Mazoezi makali siku ya kufika ni kosa. Kutokunywa maji kwa sababu "leo baridi" ni kosa kubwa zaidi, kwani hewa ya kiangazi huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na kila pumzi inatoka na maji. Julai usiku baridi inashuka sana, na mchezaji aliyelala akitetemeka hajalala.

Tena kuna barabara. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima kwenye kiti. Miguu iliyovimba na kiuno kilichokaza hupoteza mechi vizuri tu bila msaada wa hewa. Timu ikija kwa ndege ikacheza vizuri, ikija kwa basi ikachoka, nani ashitakiwe, mwinuko au kiti cha basi?

Wasanii nao wamo. Msanii wa Dar akija kupiga shoo Mbeya, wimbo wa tatu anaanza kuunyoosha mkono wa maiki kwa mashabiki wamalizie kiitikio, na kijiweni kesho yake anaitwa wa studio tu. Sababu ni ileile, na kwake ni mbaya zaidi: mwimbaji hawezi kupumua anapotaka, anapumua mstari unapomruhusu. Ukiongeza kucheza, deni la oksijeni linalipwa sekunde moja moja. Hewa kavu ya baridi nayo inakausha koo. Wanaojua hupanga wimbo wa taratibu baada ya kila nyimbo mbili za kuruka, hupasha sauti dakika 15 au 20 ndani, na hunywa maji ya uvuguvugu, si ya friji.

Yule mbishi wa tatu wa kijiweni hapo atatoa silaha zake, timu za huku: Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania 1986; Mbeya City, nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14. Ni kweli zote. Ila ligi ni nyumbani na ugenini, nusu ya mechi zinachezwa nje ya mlima. Hakuna anayechukua ubingwa kwa hewa ya kwao.

Na lipo la timu ya Ihefu. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Watu wa mbali walisema "Mbeya ngumu, hewa." Mechi ile ilichezwa Ubaruku, bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, kama mita 1,000 hivi na joto lake. Hewa haikuhusika. Hata huko La Paz, mita 3,600, Bolivia iliipiga Argentina 6-1 mwaka 2009, dunia ikaulaumu mlima. Argentina hiyohiyo ikashinda palepale 2-1 mwaka 2020 na 3-0 mwaka 2023.

Kwa anayetaka kushinda ubishi, aangalie upande ambao hautazamwi: timu za Mbeya zikishuka Dar. Pasi ndefu dakika za mwanzo zinafika fupi, kipa anatoka kuifuata krosi inayodondoka kabla yake, na saa kumi alasiri joto na unyevu vinakula ile faida yote ya damu ya mlimani. Kocha makini anatenga dakika 10 za mipira mirefu na kona kwenye mazoezi ya mwisho, palepale uwanjani, ili miguu isahau umbali wa Sokoine.