Si kweli kwamba majuto huisha ukiacha kuyawaza
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: "Ukijutia jambo, lifute kichwani, usiliwaze tena, utapona." Akili haifanyi kazi hivyo. Jipime: weka saa dakika moja, jikataze kabisa kuwaza kiboko mwekundu, na kila anapopita akilini chora kistari. Vistari havikosi. Ili kulizuia wazo, akili hulazimika kuchungulia kama limerudi, na huko kuchungulia ndiko kunakolirudisha. Ukichoka, ulinzi hulegea. Ndiyo maana majuto hupenda saa nane za usiku.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kuzuia hufaa kwa muda mfupi, na kwa sababu kuzungusha swali lilelile, "kwa nini nilimkopesha?", kweli huumiza. Lakini kuzungusha si kutafakari. Kinachowasaidia wengi ni kuandika dakika 15 hadi 20, siku 3 au 4: nini kilitokea, nilijua nini siku ile (si ninachojua leo, hapa ndipo wengi huteleza), kipi bado kinarekebishika. Kama kuna mtu wa kuombwa radhi, anza naye.

Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki 2, muone mtaalamu. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.