Rangi ya dhahabu: uhusianifu ndani ya atomu

"Nadharia ya uhusianifu ni ya nyota na roketi, haina kazi kwenye kipande cha metali."

Anayeamini hivi hayuko peke yake. Mwanafizikia Paul Dirac, aliyetoa mwaka 1928 mlinganyo wa elektroni unaotii uhusianifu (nadharia ya Einstein kuhusu vitu vinavyokaribia kasi ya mwanga), mwaka uliofuata aliandika kwamba athari zake hazina uzito katika muundo wa atomu na kemia ya kawaida. Kwa hidrojeni alikuwa sahihi: elektroni yake huenda kwa 1/137 tu ya kasi ya mwanga. Lakini kasi hiyo hupanda kadiri kiini kinavyokuwa na protoni nyingi. Dhahabu inazo 79, na elektroni zake za ndani kabisa hufikia takriban asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo ni kana kwamba masi ya elektroni imeongezeka kwa moja ya tano hivi, nayo husogea karibu zaidi na kiini.

"Sawa, lakini rangi inatokana na elektroni za nje, zinazokwenda polepole."

Hoja hii ina akili, ndiyo maana inadumu. Kinachosahaulika ni kwamba elektroni ya 6s (namba na herufi kama 6s, 5d na 3d hutaja tabaka na umbo la njia ya elektroni), ingawa ni ya nje, hupenya mara kwa mara hadi karibu na kiini. Hivyo nayo husinyaa na nishati yake hushuka. Elektroni za s zikishabana hivyo, hukikinga kiini vizuri zaidi; zile za 5d huvutwa kwa nguvu ndogo, hutanuka, na nishati yake hupanda. Moja inashuka, nyingine inapanda, pengo kati yake linapungua. Katika dhahabu ya kawaida ufyonzaji wa mwanga, unaorusha elektroni kuvuka pengo hilo, huanza karibu elektrovolti 2.4 (kipimo cha nishati), yaani mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Mwanga wa bluu humezwa, tunaona njano. Katika fedha pengo hilo linakaribia elektrovolti 4, ndani ya urujuanimno, mwanga tusiouona, kwa hiyo jicho halikosi rangi yoyote. Ukiondoa uhusianifu kwenye hesabu za dhahabu, unapata metali nyeupe kama fedha.

"Kishada, yaani kifungu kidogo cha atomu ishirini, ni dhahabu ileile, ndogo tu."

Hapa ndipo penye utamu. Chembe za nanomita 10 au 20 huonekana nyekundu kwa sababu elektroni zake huyumba kwa pamoja, mtikisiko unaoitwa plasmoni. Michael Faraday alizichunguza mwaka 1857. Chini ya nanomita 2 hivi plasmoni hutoweka, ngazi za nishati hutengana, na kishada hufyonza mwanga kama molekuli. Uhusianifu haupotei; unajitokeza waziwazi zaidi. Kwanza kwenye umbo: kwa kuwa 6s na 5d huchanganyika kwa urahisi, vishada vya dhahabu vyenye chaji hasi hubaki bapa hadi karibu atomu 12, wakati vya fedha huacha ubapa mapema zaidi. Umbo likibadilika, spektra (mpangilio wa mwanga unaofyonzwa) nayo hubadilika. Kisha kwenye nguvu ya ufyonzaji: katika vishada vya fedha nguvu hiyo hukusanyika kwenye vilele vichache virefu, lakini katika dhahabu elektroni za d hujiingiza na kuitawanya kwenye mistari mingi hafifu.

Tena kuna mwingiliano wa spini (sifa ya elektroni inayofanana na kujizungusha) na mwendo wa elektroni kuzunguka kiini, ambao hupasua ngazi zilizopaswa kuwa sawa. Katika kishada maarufu cha atomu 25 kilichofunikwa na thioli (molekuli zenye salfa), mpasuko huo huacha alama kwenye kilele cha kwanza cha ufyonzaji. Kwa maoni yangu, hesabu ya vishada vya dhahabu inayouruka mwingiliano huo ni ya kutiliwa shaka, hata grafu yake ikipendeza namna gani.

"Basi kila metali yenye rangi inaipata kwa uhusianifu."

Hapana. Shaba ina protoni 29 tu. Elektroni zake za 3d ziko juu kiasi cha kutosha zenyewe, ufyonzaji huanza karibu elektrovolti 2.1, na wekundu wake hauhitaji msaada wa uhusianifu.