Maji yanayooshea pafu: yasemwayo na yaliyo kweli

"Kunywa maziwa, yataosha vumbi kifuani." Wachomeleaji na wapakuzi wa saruji hupeana ushauri huu kila siku huku Mombasa, Shimanzi hadi Changamwe. Maziwa huenda tumboni. Pafuni hayafiki, na yakifika kwa kupaliwa ni balaa.

"Ukishaoshwa pafu kwa kipimo, umetibiwa." Hapana. Kipimo hiki, cha kumimina maji pafuni na kuyavuta yakapimwe maabara, huchota sampuli tu. Mgonjwa hakai na chakula tumboni kwa saa 6, koo hutiwa ganzi, kisha bronkoskopu, yaani bomba jembamba lenye kamera, huingizwa hadi ncha yake izibe tawi dogo la njia ya hewa, aghalabu sehemu ya kati ya pafu la kulia. Akilala chali, maji hurudi vizuri kutoka hapo. Humiminwa maji ya chumvi ya hospitali, mililita 100 hadi 300, kwa mafungu ya 20 hadi 60, na kuvutwa polepole. Ukivuta kwa pupa kijinjia hujikunja na maji hunasa ndani. Yakirudi chini ya asilimia 30, majibu usiyaamini sana. Tiba ya kuosha pafu zima ni shughuli nyingine kabisa: nusukaputi, pafu moja likipumua huku la pili likisafishwa kwa lita 10 au zaidi, mpaka maji yatoke maangavu.

"Maji meupe ni usaha, au TB." Katika proteinosi ya mapafu (PAP), ugonjwa adimu ulioelezwa mwaka 1958, maji hutoka kama tui na hutuama yakiachwa. Weupe huo ni safaktanti, mafuta na protini zinazozuia vifuko vya hewa visinywee. Seli ziitwazo makrofaji ndizo huiondoa. Kwa wagonjwa walio wengi, kingamwili za mwili wenyewe huikamata GM-CSF, protini inayozikomaza seli hizo, na safaktanti ikarundikana. Hili lilijulikana mwaka 1999, ndiyo maana damu nayo hupimwa kingamwili hizo. Rangi peke yake haitoshi: maabara hutafuta pia mabaki yanayoshika PAS, rangi ya kupimia ya maabara. Na TB ipimwe vilevile kwenye maji hayohayo, kwani PAP haiizuii. Aliyemaliza dawa za TB miezi 6 bila kijidudu kuthibitishwa, na picha ya kifua ni ileile, ana haki ya kuuliza kuhusu PAP.

"Sampuli haina haraka." Kwa joto la Mombasa? Ifike maabara ndani ya saa moja. Ikibidi ingoje feri ya Likoni, ikae kwenye kiboksi cha baridi, nyuzi 4, wala isigande.

"Homa baada ya kipimo ni pafu kuharibiwa." Homa ndogo usiku ule ni kawaida. Ikivuka siku moja, au ukikohoa damu nyingi au pumzi zikikata, rudi hospitali mara moja.