Mzigo wa figo kwa kichanga ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tukisikia figo tunawaza watu wazima, presha, sukari, kusafishwa damu, hatuwazi kabisa mtoto wa wiki tatu aliyelala kwenye kanga. Lakini wataalamu wa lishe ya watoto wana neno lao, mzigo wa figo, na ukishalielewa hilo moja maswali mengi ya kina mama yanajijibu, kwa nini kichanga asipewe maji, kwa nini maziwa ya ng'ombe bado, kwa nini kijiko cha kopo kinasawazishwa. Nalieleza hapa kwa sababu nimeliona likimtesa mtoto ndani ya nyumba ambayo kila mtu anampenda.

Iko hivi. Mtoto akinywa maziwa, mafuta na sukari iliyomo mwili unaichoma inakuwa nguvu, mabaki yake ni hewa anayoitoa akipumua pamoja na maji, hayana shida. Protini na chumvichumvi ndo zenye kazi. Protini ambayo haikutumika kujenga mwili inaacha taka inayoitwa yurea, alafu kuna sodiamu, potasiamu, kloraidi, fosforasi, hivyo vyote haviwezi kuchomwa, vinatakiwa vitoke na mkojo. Jumla ya hayo mabaki ndo mzigo wa figo. Na hayatoki makavu, lazima yabebwe na maji, kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa figo inadai maji mengi zaidi, yakikosekana inayachota mwilini mwa mtoto mwenyewe.

Mtu mzima hilo halimsumbui sana. Figo yako ikibanwa inakaza mkojo unakuwa mzito, wa njano iliyokolea, inatoa taka nyingi kwa maji kidogo. Kichanga hajafika huko. Uwezo wake wa kukaza mkojo ni kama nusu ya wa mtu mzima au chini ya hapo, na unakua pole pole mpaka karibu na mwaka mmoja. Kasi ya kuchuja damu nayo akizaliwa ni ndogo sana, inapanda haraka wiki mbili za kwanza, alafu inaendelea mpaka kwenye miaka 2 ndo inalingana na ya mkubwa ukizingatia ukubwa wa mwili.

Sasa angalia maziwa. Maziwa ya mama yana protini kama gramu 1 kwenye kila mililita 100, ya ng'ombe yana zaidi ya 3, na sodiamu ya ng'ombe ni kama mara tatu ya ile ya mama. Daktari wa watoto Samuel Fomon wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani alitumia miaka mingi kuhesabu haya mambo, na kwa hesabu zake mzigo unaoweza kuletwa na lita moja ya maziwa ya mama ni kama 93, kwa kipimo wanachokiita milliosmoli, wa maziwa ya ng'ombe ni kama 308. Yaani zaidi ya mara tatu. Ndama anasimama siku hiyo hiyo anayozaliwa na anakua mbio, protini yote hiyo ana pa kuipeleka, mtoto wetu hana. Maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya vichanga yanakaa katikati, ila yako karibu zaidi na ya mama kuliko ya ng'ombe, na hayajawa hivyo siku zote. Uingereza miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 maziwa ya unga yalikuwa na chumvi na protini nyingi kuliko sasa, watu nao wakawa wanajaza vijiko, watoto wakafikishwa hospitali wameishiwa maji na sodiamu iko juu kwenye damu, ndipo yakabadilishwa.

Hapo kwenye kijiko ndipo yalipotupata sisi. Mdogo wangu alirudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili, mchana akawa anashinda na bibi, maziwa ya kopo. Bibi alikuwa anachota kijiko chenye kilima, na wakati mwingine anaongezea kimoja "ashibe alale". Kopo lilisema vijiko vitatu kwa mililita 90, yeye anaweka vinne, na ukipiga hesabu hapo mzigo umeongezeka theluthi nzima kwa maji yale yale, hata vilima hatujavihesabu. Mtoto akawa analia sana. Sisi tukadhani njaa, anapewa chupa nyingine nzito vile vile, ananyonya kwa pupa maana kumbe ana kiu, baada ya muda analia tena. Nepi nikizitoa nyepesi, mkojo kidogo, njano ya kuiva na unanuka, midomo mikavu. Tulipomfikisha kliniki nesi hakuanza na dawa, alisema tengenezeni hayo maziwa hapa mbele yangu nione. Bibi alipochota tu, nesi akachukua kisu akapitisha mgongo wake juu ya kijiko, unga ukadondoka mezani, akasema mama hicho kilichodondoka ndicho kinachomliza. Vipimo vikafuata, tukalazwa siku mbili, akarudi vizuri. Simlaumu bibi hata kidogo, amelea watoto saba, ila hao aliwanyonyesha wote, kopo alikuwa hajawahi kulishika.

Na kosa la upande wa pili lipo, la kuzidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Nalielewa, kopo ni ghali. Lakini hapo mtoto anakosa chakula, na figo yake changa haiwezi kumwaga maji mengi kwa haraka, sodiamu inashuka kwenye damu na anaweza kupata degedege. Fuateni kipimo cha kopo lenu, maana sio makopo yote yana kijiko sawa.

Hayo maji ya pembeni nayo, "anaona kiu, joto hili". Joto la Dar mwezi wa pili nalijua mimi! Ila maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, na mzigo wake ni mdogo mno kiasi kwamba maji yaliyomo yanatosha kuubeba na mengine yanabaki kwa ajili ya jasho. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, basi. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji mwepesi, bila vile vimaji vya tumbo vya dukani, alafu aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi huku anakula.

Kuna kitu kimoja kuhusu mzigo huu ambacho watu hawaambiwi: unabadilika siku hadi siku hata kama maziwa ni yale yale. Mtoto anayekua vizuri sehemu kubwa ya protini anaijengea mwili, haifiki kwenye figo. Akiumwa, akiharisha au akipata homa, ukuaji unasimama kidogo, ile protini inageuka taka, na wakati huo huo maji yanamtoka kwa njia nyingine. Figo inabanwa pande mbili. Kwa hiyo maziwa yaliyokolezwa kidogo ambayo alikuwa anayamudu akiwa mzima yanaweza kumwangusha akiharisha siku moja tu.

Sasa je mzigo unaharibu figo kwa maisha yote? Hapa niwe makini. Denmark waliwapima watoto kwa altrasaundi wakakuta wakiwa na miezi 3 figo za wanaonyweshwa maziwa ya kopo ni kubwa kuliko za wanaonyonya, lakini walipofika miezi 18 tofauti haikuwepo tena. Kubwa hapo sio kukomaa, ni figo inayofanya kazi zaidi. Vichujio vyenyewe, wanaviita nefroni, kwa wastani kama milioni 1 kila figo, vinatengenezwa tumboni mpaka karibu wiki ya 36 ya mimba na zaidi ya nusu yake ni miezi mitatu ya mwisho. Akishazaliwa kwa muda wake havizaliwi vingine. Mwaka 1988 Barry Brenner na wenzake walitoa hoja kwamba anayeanza maisha na nefroni chache yuko karibu zaidi na presha ukubwani, kwa sababu chache hizo zinabeba kazi ya wote. Ndio maana mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo, huyo kwa kweli figo zake ni za kuonewa huruma, maziwa ya mama yake hata ya kukamuliwa kwa kikombe ni ya kupigania.

Kujua kama figo inapata maji ya kutosha huhitaji maabara, angalia nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24, mkojo mweupe au njano ya mbali. Siku mbili tatu za mwanzo ukiona doa la rangi ya tofali usishtuke sana, ila likiendelea baada ya hapo maana yake hanyonyi vya kutosha, kapimwe. Utosi umebonyea, amelegea, hajakojoa kwa muda wa saa 6 au 8, hapo sio pa kusubiri asubuhi.

Na akifika miezi 6 akaanza uji na viazi vya kuponda, chumvi na vile viungo vya pakiti viwekwe pembeni mpaka atimize mwaka. Chakula kitaonekana hakina ladha kwako unayeonja, yeye hajui chumvi ni nini bado, na figo yake ndo kwanza inajifunza kukaza mkojo.