LSU 2019: Watano Wote Wakitoka, Nani Anamlinda Burrow?

Septemba 7, 2019, mjini Austin, Texas, mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. LSU wanaongoza 37–31, zimebaki dakika mbili na ushei, wako kwenye jaribio la tatu na wanadaiwa yadi 17. Kwa miaka mingi timu hii ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ingempa mkimbiaji mpira, saa itembee, kisha wapige mpira mbali na kuwaachia walinzi kazi iliyobaki. Safari hii hawakufanya hivyo. Texas waliwamwaga watu kumvamia Joe Burrow, mrushaji mpira wa LSU. Yeye akasogea hatua chache mbele, akampenyezea Justin Jefferson mpira, na Jefferson akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Yadi 61. Mechi ikaisha 45–38.

Kazi yangu ni kuchambua video za mechi, na tukio hilo nimelirudia mara nyingi kuliko jingine lolote la futiboli ya Kimarekani. Msimu wote wa LSU umo ndani yake.

Kwa aliye mgeni: timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne. Ina wachezaji 11. Watano wa safu ya mbele kazi yao ni kuzuia tu, hawaruhusiwi kwenda kupokea pasi. Mmoja ni kwotabeki, anayerusha mpira. Wanabaki watano. Makocha wengi humbakiza mmoja au wawili kati ya hao wamkinge kwotabeki, na hapo wapokeaji wanabaki watatu au wanne.

LSU ya 2019 mara nyingi iliwatoa wote watano. Sasa piga hesabu upande wa ulinzi. Ukituma watu sita kumvamia Burrow, wazuiaji wake ni watano, kwa hiyo mmoja atapita bila kuguswa. Lakini nyuma umebakiwa na watano wa kuwakaba watano, mtu kwa mtu, na hakuna wa akiba. Ukiogopa ukawarudisha watu nyuma, katikati panakuwa wazi, na Clyde Edwards-Helaire, kijana wa hapo hapo Baton Rouge, anapita na mpira. Mwaka ule alikimbia yadi 1,414. Kila jibu la mlinzi lina adhabu yake. Kinachotakiwa ni kwotabeki anayeusoma ulinzi kabla mpira haujaanza kuchezwa, na asiyetetemeka akimwona jitu linamjia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema LSU walibebwa na vipaji peke yake. Vipaji vilikuwepo, lakini Burrow, Jefferson, mpokeaji Ja'Marr Chase na Edwards-Helaire wote walikuwa kikosini 2018, timu ikapoteza mechi tatu. Mwaka huo asilimia 57.8 ya pasi za Burrow zilifika, na zilizozaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani, zilikuwa 16. Mwaka uliofuata ni asilimia 76.3, na tachidauni 60. Kilichobadilika ni mfumo. Kocha mkuu Ed Orgeron alimchukua Joe Brady, kijana asiye na jina kubwa aliyetoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, akamweka bega kwa bega na mkongwe Steve Ensminger, aliyekuwa akichagua mashambulizi. Nampa Orgeron heshima kubwa kwa hilo. Kocha mkuu kukiri kwamba mtindo wa nyumbani umepitwa na wakati si jambo dogo.

Ulinzi wao ulinipa wasiwasi, na bado naona watu wanausahau. Novemba, Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, walijipatia yadi 614 dhidi yao, kwotabeki wa Ole Miss akikimbia 212 peke yake. LSU walishinda 58–37 kwa sababu tu walifunga zaidi. Wiki moja kabla walikuwa wamewapiga Alabama 46–41 kule Tuscaloosa, ushindi wao wa kwanza dhidi ya timu hiyo tangu 2011, baada ya vipigo vinane mfululizo. Fainali ya ligi yao dhidi ya Georgia ndipo ulinzi uliposimama imara: 37–10.

Kisha ikaja nusu fainali ya ubingwa wa taifa, Desemba 28 jijini Atlanta. Asubuhi ile mke wa mtoto wa Ensminger alifariki katika ajali ya ndege akiwa safarini kwenda kwenye mechi hiyo. Ensminger alipata habari, akapanda chumba chake juu ya uwanja, akafanya kazi. Burrow alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko, Oklahoma wakalala 63–28. Mechi hiyo siwezi kuichambua kama nyingine. Nikitazama shambulizi linakwenda sawasawa, namwona aliyelichagua.

Fainali ilikuwa New Orleans, Januari 13, 2020. Clemson walikuwa wameshinda mechi 29 mfululizo, na walianza kwa kuwachanganya LSU: walinzi wengi nyuma, wachache mbele, sura ya ulinzi ikibadilika muda mfupi tu kabla mpira haujaanza kuchezwa. Wakaongoza 17–7. Dawa ilikuwa Chase. Alikabwa na mtu mmoja pembeni, Burrow akamrushia mpira mrefu tena na tena, akavuna yadi 221. LSU wakafunga alama 21 mfululizo kabla ya mapumziko, wakamaliza 42–25, mechi 15 bila kupoteza.

Brady aliondoka siku hizo hizo kwenda Carolina Panthers, nao wa NFL. Wachezaji 14 walichaguliwa kuingia NFL mwezi Aprili, Burrow akiwa wa kwanza kabisa. Msimu wa 2020 LSU walishinda mechi tano, wakapoteza tano.